Irabu mbili za Masukulu

Historia ya ukoo wetu, aliyoichapa baba mdogo huko Masukulu mwaka 1998, ilifunguka kwangu ikiwa na alama za ajabu katikati ya maneno. Kiswahili kina irabu 5, Kinyakyusa 7. Zilizopotea ni ɨ na ʉ.

Siku zile programu nyingi zilijua namba 256 tu za herufi. Waliotengeneza fonti za lugha zetu waliondoa alama fulani, wakazipachika irabu zetu mahali pake. Unicode ilikwisha kuzipa namba zao, 0268 na 0289, ila programu hizo hazikuisoma. Faili la baba mdogo likahifadhi namba za kuazima. Sura za herufi zilibaki ndani ya fonti.

Fonti yenyewe aliikuta kwenye kompyuta yake ya zamani, akanitumia. Ni ya TrueType, aina iliyoanzishwa na Apple mwaka 1991. Ndani yake mna jedwali liitwalo cmap, linaloonyesha namba ipi ichore herufi ipi. (Kubahatisha kungenirahisishia kazi, lakini i si ɨ.) Nikalifuata, nikabadilisha namba moja moja.

Nikampigia simu, nikamsomea majina ya mabibi.

“Hapo umepatia, mwanangu. Rudia la tatu.”