Nabii Shuaib na Mizani ya Madyan

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo na akawaamrisha waja wake uadilifu. Tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Mitume wote waliomtangulia, na jamaa zake na Masahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu akurehemuni.

Wanapotajwa Mitume, aghlabu mawazo yetu hukimbilia miujiza: jahazi la Nabii Nuhu, moto uliogeuzwa baridi kwa ajili ya Nabii Ibrahim, bahari iliyopasuka kwa fimbo ya Nabii Musa. Hayo yote ni haki, na kuyaamini ni wajibu wetu. Lakini Mitume 25 waliotajwa kwa majina katika Qurani hawakuishi katika miujiza tu. Walikuwa watu wenye wake na watoto, wenye kazi za mikono na majirani wa kuwaudhi. Nabii Dawud alifua nguo za chuma, na katika Sura ya Saba aliamrishwa azipime vyema pete zake. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Nabii Musa alichunga mifugo ya watu kwa ujira uliopatanwa, miaka minane au kumi. Na Mtume wetu (S.A.W.) alisema kwamba hakuna Nabii ila alichunga kondoo na mbuzi, naye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka.

Kwa nini basi Mwenyezi Mungu aliwatuma watu wa namna hii? Sura ya Al-Hadid, katika aya ya 25, inatujibu kwamba Mitume walipelekwa na hoja zilizo wazi, wakateremshiwa pamoja nao Kitabu na mizani, ili watu wasimamishe uadilifu. Tuyatazame vizuri maneno hayo mawili. Kitabu na mizani vimetajwa pamoja. Nasi leo tunataka kukueleza, ewe ndugu msikilizaji, habari ya kaumu moja iliyotaka kuvitenga vitu hivyo viwili, na yaliyowafika.

Kaumu hiyo ni watu wa Madyan. Nchi yao ilikuwa kaskazini-magharibi ya Bara Arabu, karibu na Ghuba ya Aqaba, katika sehemu ambayo leo imo ndani ya mkoa wa Tabuk wa Saudi Arabia. Huko kuna mji uitwao Al-Bad, na kando yake yapo makaburi yaliyochongwa katika majabali, ambayo wenyeji huyaita Mapango ya Shuaib. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema kwamba makaburi hayo ni ya Wanabati, watu waliokuja karne nyingi baadaye. Lakini jina lililobaki mahali hapo ni dalili kwamba kumbukumbu ya Nabii huyu haikufutika.

Nchi ile ilikuwa njia ya misafara. Ngamia waliobeba ubani na bidhaa za Yaman walipita pande zile wakielekea Sham na Misri. Watu wa Madyan wakawa wafanya biashara, wakapata neema, wakawa wengi baada ya kuwa wachache. Na penye biashara ndipo penye mtihani. Walikuwa wakiabudu asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na juu ya hayo walikuwa wakipunja vipimo na mizani, wakiwapunguzia watu vitu vyao, na wakikaa njiani kuwatisha wapitao.

Akapelekewa kwao ndugu yao Shuaib (A.S.). Habari zake zimo katika Sura ya Al-Aaraf, Sura ya Hud, Sura ya Ash-Shuaraa na Sura ya Al-Ankabut. Baadhi ya watu husema kwamba yule mzee wa Madyan aliyemwoza Nabii Musa binti yake ndiye Shuaib. Qurani haikumtaja mzee huyo kwa jina, na wanavyuoni wamehitilafiana. Kwa hiyo sisi tunashika lililo yakini.

Lililo yakini ni ujumbe wake, nao ulikuwa na mambo mawili. La kwanza, wamwabudu Mwenyezi Mungu peke yake. La pili, watimize kipimo na mizani. Hakungoja mpaka wamalize kusilimu ndipo awaambie habari za soko, bali aliyasema yote mawili katika mlango mmoja wa maneno. Akawaambia kwamba anawaona wamo katika kheri, yaani hawana dhiki ya kuwatia katika wizi. Akawaeleza kwamba kile kidogo cha halali anachowabakishia Mwenyezi Mungu ni bora kwao. Wala hakuwa mtu wa kukataza jambo kisha akalifanya yeye mwenyewe kwa siri.

Wakamjibuje? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Katika Sura ya Hud, aya ya 87, tunasimuliwa kwamba walimwuliza kwa kejeli: je, hiyo sala yako ndiyo inayokuamrisha tuache waliyoyaabudu wazee wetu, na tusifanye tutakavyo katika mali zetu? Lisikilizeni swali hilo kwa makini. Maana yake ni hii: sala yako ina nini na duka langu? Wewe swali upendavyo, nasi tutauza tupendavyo. Mali ni yetu, na mizani ni yetu.

Shuaib hakukubali mpaka huo. Akawakumbusha yaliyowasibu kaumu ya Nuhu, na ya Hud, na ya Saleh, na akawaambia kwamba watu wa Luti hawako mbali nao. Waliposhindwa kwa hoja wakashika vitisho. Wakamwambia kwamba wanamwona dhaifu, na lau si jamaa zake wangelimpiga mawe. Naye akawauliza: je, jamaa zangu ni watukufu zaidi kwenu kuliko Mwenyezi Mungu? Wakamtishia kumfukuza mjini pamoja na walioamini, ila warejee katika mila yao. Mwisho wao ukawa ukelele mkubwa na tetemeko la ardhi. Asubuhi wakawa wamelala kifudifudi majumbani mwao, kana kwamba hawajapata kukaa humo.

Ndugu Waislamu, huenda mtu akauliza: je, kibaba kilichopungua ni jambo la kuangamiza umma mzima? Tunasema: naam, kwa sababu mizani ni ahadi. Mnunuzi hana njia ya kuuona uzito kwa macho. Anamwamini mwenye mizani. Anayeipunja anaiba mahali alipopewa amana. Na watu wakizoea hayo, kila mmoja humshuku mwenziwe, na mji wote huwa wa wezi waliovaa nguo safi.

Sasa na tutazame jinsi Nabii wa mwisho alivyoipokea kazi hii ya ndugu yake Shuaib. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alizaliwa Makka kiasi cha mwaka 570, na Makka nayo ulikuwa mji wa misafara, wa kusi na kaskazi yake: safari ya Yaman wakati wa baridi, na safari ya Sham wakati wa joto. Alipokuwa kijana wa kiasi cha miaka 20, mfanya biashara mmoja kutoka Zabid katika Yaman alileta bidhaa zake, akazinunua Al-As bin Wail, mkubwa miongoni mwa Makureshi, kisha akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na jamaa wa kumtetea. Akapanda juu ya jabali la Abu Qubais akapiga kelele kuomba haki yake. Wakakusanyika baadhi ya Makureshi katika nyumba ya Abdullah bin Judaan, wakaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa mpaka arudishiwe haki yake, na wakaitoa mali ya yule mgeni mikononi mwa Al-As. Mapatano hayo yanaitwa Hilful-Fudhul. Mtume wetu alikuwapo, na baada ya kupewa Utume alisema kwamba lau angeliitwa kwa mapatano kama yale katika Uislamu, angeliitika.

Kisha akafanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija, na watu wakampa jina la Al-Amin, yaani Mwaminifu. Hata siku alipohamia Madina, mwaka 622, wakati maadui zake walipokuwa wakipanga kumwua, amana za watu wa Makka zilikuwa bado nyumbani mwake. Akamwacha nyuma Sayyidna Ali ili azirudishe kwa wenyewe, moja baada ya moja. Walimkanusha kwa ndimi zao, na mali zao wakamwekesha yeye!

Alipofika Madina aliwakuta watu wake, kama anavyosimulia Ibn Abbas, wabaya sana katika vipimo. Ikateremka Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wale ambao wakipokea kwa watu hutaka kipimo kamili, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Wakatengenea. Na Mtume (S.A.W.) alikuwa akipita sokoni kwa miguu yake. Siku moja alitia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, vidole vikapata majimaji. Mwenye mali akasema kwamba ni mvua. Akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu watu wakaiona, na akasema kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Na siku nyingine, alipomwona mtu anayewapimia watu kwa ujira, alimwamrisha apime kisha azidishe. Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra (632), alipoifuta riba ya zama za ujinga alianza na riba ya Abbas, ami yake mwenyewe. Na alipofariki dunia mwaka uliofuata, nguo yake ya chuma ilikuwa rehani kwa Yahudi mmoja kwa pishi 30 za shayiri. Mtawala wa Bara Arabu aliweka rehani ili apate chakula cha watu wa nyumbani mwake. Hakuchukua cha mtu bure.

Masahaba na waliokuja baada yao waliifahamu maana hii. Katika miji ya Kiislamu kulikuwa na ofisa aitwaye muhtasib, ambaye pamoja na kazi nyingine alikagua vibaba na mawe ya mizani sokoni. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), ameuandikia wadhifa huo mlango mzima katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Na mpaka leo katika majumba ya makumbusho vimehifadhiwa vipande vidogo vya kioo vilivyotengenezwa Misri katika zama za Bani Umayya, vya kupimia uzito wa sarafu, vimeandikwa majina ya magavana na amri ya Mwenyezi Mungu ya kutimiza kipimo.

Ndugu wasikilizaji, na sisi tuna pishi zetu na vibaba vyetu. Katika pwani yetu wazee walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto, na kila mtu alijua ameuziwa kipi. Leo iko mizani ya mawe na mizani ya umeme, lakini mkono ni ule ule wa Madyan. Yuko anayekibonyeza kibaba kikaingia ndani, anayetia maji katika maziwa, anayepanga nyanya nzuri juu na mbovu chini. Na anayeumia ni nani? Tajiri hununua gunia zima, akalipimisha tena akitaka. Maskini hununua robo ya sukari na kibaba cha unga, jioni, mtoto akingoja, wala hana mizani nyumbani. Kila siku hupunjwa kidogo. Na haba na haba hujaza kibaba, cha dhambi pia.

Wala jambo hili si la wenye maduka peke yao. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar bin Khattab alitoka katika sala ya Alasiri, akamkuta mtu ambaye hakuihudhuria. Mtu yule akatoa udhuru wake. Umar akamwambia kwamba amepunja, kwa neno lile lile la Sura ya Al-Mutaffifin. Na Imamu Malik akaeleza kwamba kila kitu kina kutimizwa kwake na kupunjwa kwake. Basi mwalimu anayepokea mshahara kamili na kusomesha nusu ya saa zake, amepunja. Fundi anayelipwa kwa saruji nyingi akatia mchanga, amepunja. Mwanafunzi anayenakili kazi ya mwenziwe ameiba kipimo cha elimu ambacho hakukipima. Na mwenye kusali upesi upesi ili awahi duka lake, huyo kapunja pande zote mbili.

Kwa hiyo swali la watu wa Madyan bado linangoja jibu letu. Je, sala yetu inatuamrisha chochote katika mali zetu? Tukitoka hapa msikitini tukarudi kwenye mizani ile ile iliyopinda, tutakuwa tumejibu kama walivyojibu wao, ingawa ndimi zetu zinamsalia Shuaib na Mitume wote.

Na aliyekwisha punja, mlango haujafungwa. Aache leo. Amrudishie haki yake kila amjuaye, hata kama ni aibu. Ambao hawajui tena, awatolee sadaka mali ile kwa niaba yao, kama walivyoeleza wanavyuoni, na azidishe katika kipimo kuanzia sasa. Shuaib (A.S.) aliwaambia watu wake, wezi wa mizani, kwamba Mola wake ni Mwenye rehema na Mwenye upendo kwa wanaorejea kwake.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kutimiza, katika sala zetu na katika mizani zetu. Turuzuku cha halali kijapokuwa kidogo, na ututosheleze nacho. Utufufue pamoja na Mitume wako, wala usitufufue pamoja na waliowakejeli. Amin.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi na Waislamu wote. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.