Ubaguzi wa Uzima: Istilahi Ambayo Falsafa Inaihitaji

Neno la Kiingereza ableism lilianza kuenea miaka ya 1980 kupitia harakati za watu wenye ulemavu. Linataja fikra inayoufanya mwili na akili vya namna moja kuwa kipimo cha ubinadamu, kisha kumhesabu kila asiyefikia kipimo hicho kuwa pungufu. Katika Kiswahili bado halijapata mwenzake aliyezoeleka, na pengo hilo linatugharimu: jambo lisilo na jina ni gumu kulishtaki.

Yapo maneno yaliyo karibu nalo. Unyanyapaa, lililotiwa nguvu na kampeni za UKIMWI, linataja jicho baya, kuepukwa na kutengwa. Lakini mhadhiri anaweza asimnyanyapae mtu hata mmoja, na bado akafundisha kwamba maisha ya asiyeona yana thamani ndogo kuliko yake. “Ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu” ni maneno ya kisheria yaliyo sahihi, na tunayahitaji tunapozungumzia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 au sheria ya Tanzania ya 2010. Upungufu wake ni kwamba yanamtaja anayeumizwa na kukiacha kipimo kinachomuumiza. Tukifuata mfano wa “mfumo dume” tutapata “mfumo mzima”, na msikilizaji atadhani tunazungumzia mfumo wote.

Ninapendekeza ubaguzi wa uzima. Muundo wake tunao tayari: ubaguzi wa rangi, wa jinsia, wa umri. Katika yote hayo, neno la mwisho hutaja kigezo ambacho watu wanagawanywa kwacho. Rangi yenyewe haina kosa, na uzima nao hauna. Kosa ni kuufanya mizani ya kupimia utu.

Uzima pia unabeba mambo mawili ambayo istilahi hii inayahitaji. Kwanza, unagusa mwili na akili kwa pamoja, kwani “si mzima” husemwa kwa mgonjwa na husemwa vilevile kwa anayedhaniwa kuwa na hitilafu ya akili. Pili, uzima ni afya na ni uhai. Anayeombewa uzima anaombewa yote mawili. Ndani ya neno hilo moja tunaliona kosa lenyewe la kifikra: kudhani kwamba aliyepungukiwa na kiungo amepungukiwa na uhai.

Kosa hilo lina historia ndefu katika falsafa ya Magharibi. Aristotle, katika kitabu cha saba cha Siasa, alitaka iwepo sheria ya kukataza kulea mtoto aliyezaliwa na kilema. Karne ya 20, John Rawls alijenga nadharia ya haki juu ya raia wanaoweza kushirikiana kikamilifu maisha yao yote, na suala la wenye ulemavu mkubwa akaliweka kando. Martha Nussbaum alimkosoa kwa hilo mwaka 2006, akisisitiza kwamba nadharia ya haki inayowaongeza watu hao mwishoni imeharibika tangu msingi. Peter Singer naye, katika Practical Ethics ya 1979, alitetea kwamba wazazi wa baadhi ya watoto wachanga wenye ulemavu mkubwa waruhusiwe kuyakatisha maisha ya watoto hao. Harriet McBryde Johnson, mwanasheria aliyetumia kiti mwendo, alikwenda Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 2002 kujadiliana na Singer. Ilimbidi atetee hadharani thamani ya maisha kama yake, mzigo ambao hakuna msomi mwingine ukumbini aliyetwishwa.

Hapa ndipo mafundisho yanapokutana na mlango wa kazi. Shelley Tremain, mwanafalsafa wa Kanada mwenye ulemavu, alianza mwaka 2015 kuchapisha mahojiano na wanafalsafa wenzake wenye ulemavu, na mwaka 2017 akatoa kitabu kinachotumia fikra za mwanafalsafa Michel Foucault. Hoja yake ni kwamba ulemavu hutengenezwa na mitambo ya mamlaka, na kwamba falsafa ni sehemu ya mitambo hiyo. Idara za falsafa zinazouona ulemavu kuwa suala la tiba tu hazioni kwa nini zimwajiri mwanafalsafa mwenye ulemavu, na kwa kuwa hayumo, hakuna wa kulipinga somo linalomdunisha. Mwanafalsafa Elizabeth Barnes, aliyetetea mwaka 2016 kwamba ulemavu wa mwili ni tofauti tu na si hasara kwa asili yake, alitoa hoja ambayo ingepaswa kuwa ya kawaida darasani zamani sana.

Kutengwa huko hakuhitaji mtu mwenye chuki. Kongamano lisilo na mkalimani wa lugha ya alama limeshamfungia nje kiziwi. Orodha ya vitabu isiyo na nukta nundu wala nakala inayosomeka kwa kompyuta imeshamfungia nje asiyeona. Semina inayomsifu mwepesi wa kujibu inamhukumu mwenye kigugumizi kabla hoja yake haijasikika. Kwa hiyo tunaweza kusema sawasawa: “Usaili ule ulikuwa wa kibaguzi kiuzima, ingawa wasaili walikuwa waungwana.”

Nasi tuna la kujichunguza. Waswahili husema hujafa hujaumbika. Ni methali inayokumbusha kwamba uzima wa mwili ni wa kupita, na katika hilo ina busara kuliko Rawls. Hata hivyo mara nyingi hutumika kama onyo, na mwenye ulemavu hugeuzwa mfano wa balaa inayoweza kumpata msemaji. Huo nao ni ubaguzi wa uzima, umevaa nguo ya huruma.

Istilahi hupendekezwa na mwandishi, lakini hukubaliwa na wanaoiishi. Ningependa CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), SHIVYAWATA (Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania) na vyama vya aina hiyo vya Kenya, Uganda na Kongo vilipime neno hili, na vikiona lingine linafaa zaidi, lifuatwe hilo. Idara zetu za falsafa hazina haja ya kusubiri kamusi. Zianze kwa kuwaajiri, kuwasoma na kuwajibu wanafalsafa wenye ulemavu, kwa sababu fani inayouliza binadamu ni nani haiwezi kuwaacha nje baadhi ya binadamu ikadai imejibu.