Jinsi jeshi la Uingereza lilivyoondoka Nyeri na mzigo lililouacha

MAJESHI ya kigeni yanapopelekwa mahali penye vita, kuna swali ambalo mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa: yataondoka lini, na yatamkabidhi nani kazi? Wakazi wa Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya walikabiliwa na swali hilo miaka ya 1950, wakati vikosi kutoka Uingereza vilipopigana na wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952. Kikosi cha Lancashire Fusiliers kililetwa kwa ndege kutoka eneo la Mfereji wa Suez, nchini Misri. Serikali ya kikoloni ilitarajia kwamba Jomo Kenyatta na viongozi wenzake wakishakamatwa, uasi ungezimika upesi. Haikuwa hivyo. Vijana wengi waliingia msituni, na Juni 1953 Uingereza ikamleta Jenerali George Erskine kuongoza vita.

Mazungumzo yavunjika

Nafasi ya kumaliza vita kwa maafikiano ilijitokeza mapema. Januari 1954 Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikamatwa wilayani Nyeri. Alihukumiwa kifo, lakini akaachwa hai baada ya kukubali kuwa mpatanishi kati ya serikali na wenzake waliokuwa msituni. Mazungumzo hayo yalivunjika Aprili mwaka huo.

Mwezi huo huo, majeshi yalifanya msako mkubwa jijini Nairobi, uliopewa jina la Operesheni Anvil, ili kukata njia za chakula, silaha na habari zilizokuwa zikiwafikia wapiganaji. Maelfu ya watu walitiwa vizuizini.

Kazi yakabidhiwa polisi

Baada ya mazungumzo kuvunjika, mpango wa kuondoka ulitegemea hatua tatu. Ya kwanza ilikuwa kuwatenga wapiganaji na raia. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa ua na kulindwa. Wanakijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu.

Hatua ya pili ilikuwa kujenga nguvu za wenyeji. Walinzi wa vijiji waliounga mkono serikali, ambao Wakikuyu waliwaita ngati, walipewa silaha na mamlaka, na baadhi yao baadaye wakaingizwa katika polisi wa utawala wa kikoloni.

Hatua ya tatu ilihusu ardhi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulilenga kuunganisha vipande vya mashamba, kutoa hati za kumiliki na kuwaruhusu Waafrika wengi zaidi kupanda kahawa.

Kwa kipimo cha kijeshi, mpango huo ulifaulu. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 21, 1956 karibu na ukingo wa msitu huko Tetu, Nyeri. Mwezi uliofuata, jeshi liliondolewa katika mapigano na kuwaachia polisi kazi. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957.

Yaliyoachwa nyuma

Hata hivyo, mpango uliowatoa askari haukuwa na majibu kwa watu waliobaki. Mashamba yalipounganishwa, wanaume wengi walikuwa bado vizuizini na hawakuwapo kutetea haki zao. Waliporudi, baadhi walikuta ardhi yao imegawiwa wengine, wakiwemo majirani waliokuwa ngati. Machi 1959, wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, zaidi ya miaka 2 baada ya jeshi kuacha mapigano.

Hali ya hatari iliondolewa rasmi Januari 1960, lakini wapo wapiganaji ambao hawakutoka msituni hadi Kenya ilipojipatia uhuru Desemba 1963. Mmoja wao alikuwa Muthoni Kirima wa Nyeri, mwanamke aliyepata cheo cha Field Marshal. Alizitunza nywele zake za msituni hadi Aprili 2022 ziliponyolewa hadharani. Alifariki Septemba 2023.

Gharama nayo ilirudi London. Juni 2013, Uingereza ilieleza masikitiko yake kuhusu mateso yaliyotendwa na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya madai ya Wakenya 5,228. Ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne.

Hata kuondoka kwenyewe hakukuwa kamili. Vikosi vya Uingereza viliondoka Kenya mwishoni mwa 1964, lakini makubaliano yaliyofikiwa mwaka huo yaliruhusu wanajeshi wake kuja kufanya mazoezi. Hadi leo kikosi cha mafunzo cha nchi hiyo kina kambi Nanyuki.

Swali lairudia Kenya

Baadaye, Kenya nayo ilijikuta upande wa pili wa swali hilo. Oktoba 2011 wanajeshi wake waliingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi kupambana na Al-Shabaab. Mwaka 2012 waliunganishwa na kikosi cha Muungano wa Afrika, AMISOM, ambacho mwaka 2022 kilirithiwa na ATMIS. ATMIS nayo ilikuwa na ratiba ya kukabidhi usalama kwa Wasomali kufikia mwisho wa 2024. Muda huo ulipokwisha, kikosi kingine cha Muungano wa Afrika, AUSSOM, kilichukua nafasi yake Januari 2025.

Historia ya Nyeri inaonyesha kwamba tarehe ya kuondoka ni sehemu moja tu ya mpango. Sehemu nyingine ni nani atakayeachiwa silaha, nani atakayepewa ardhi, na nani atakayewajibika kwa yaliyotendwa. Nyeri ilipata jibu la swali hilo la mwisho baada ya miaka 57.