Sehemu tatu kati ya tano

Vijana wenzetu, na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, safari hii tumechagua jambo linalotugusa: ukianza kazi mpya, ile miaka uliyofanya kwingine inahesabiwa? Hapa kambini tunaye mwenzetu aliyekuwa nesi miaka mingi huko kwao, na posho yake ni sawa na ya kijana aliyemaliza shule juzi. Swali hili ni la zamani Afrika Mashariki.

Serikali za kikoloni za Waingereza zililipa kwa ngazi. Kulikuwa na mshahara wa kuanzia, halafu nyongeza ndogo kila mwaka. Mtu mwenye uzoefu angeweza kurukishwa ngazi kadhaa asianzie chini. Mpango wenyewe si mbaya. Shida ni nani anaamua uzoefu gani ni uzoefu.

Julius Nyerere alipomaliza Makerere mwaka 1945, aliitwa na shule mbili za Tabora: ya serikali, na St. Mary's ya misheni. Upande wa serikali ukamkumbusha kwamba miaka ya kufundisha misheni haitahesabiwa kwenye pensheni. Akakasirika, akaenda zake misheni! Kufundisha ni kulekule, chaki ni ileile, lakini miaka haihesabiki.

Halafu ikaja Tume ya Holmes, mwaka 1947 hadi 1948, kuangalia mishahara ya serikali Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilikubali kwamba asiye Mzungu, kwa cheo kilekile, alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Eti Mwafrika mwenye elimu sawa bado yuko chini kwa busara na kujituma.

Tupige hesabu, namba ni za mfano tu. Mzungu mgeni kabisa kazini anaanza na pauni 500 kwa mwaka, nyongeza ni 20. Mwafrika mwenye miaka 5 ya kazi yupo ngazi ya 600, lakini akikatwa anabaki na 360. Akifikisha miaka 16 anapata 492. Mpaka mwaka wa 17 ndo anampita yule mgeni, tena kwa pauni 4! Kwa hiyo hata ukihesabiwa uzoefu wako wote, mkato unaumeza.

Makarani na walimu walilalamika sana, na mwaka 1954 Tume ya Lidbury ikapendekeza sheria hiyo ifutwe, mshahara wa msingi uwe mmoja kwa rangi zote. Ila walioajiriwa kutoka ng'ambo wakawekewa nyongeza ya kuwavutia waje. Karani wa Kampala au Dar es Salaam hakuhitaji kuvutwa, alikuwa yupo tayari. Basi mezani majina ya mishahara yalilingana, na mwisho wa mwezi bahasha bado zilitofautiana.