Shule Zetu Huzaliwa Mara Mbili: Historia Fupi ya Shule za Leta Uvira na Kando ya Ziwa



Ukiuliza wazazi wa Uvira shule ya mtaa wao ni ya nani, utapata majibu matatu. Wa kwanza atasema ni ya kanisa, juu kanisa ndilo lilianza kujenga. Wa pili atasema ni ya leta, juu programu ni ya leta na mtihani ni wa leta. Wa tatu atacheka: "Ni yetu, si ndio sisi tunalipa?" Wote watatu wanasema kweli. Majibu haya matatu ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, na tusipoifahamu tutaendelea kutumia pesa ya chama mahali ambapo haizai.

Jambo ninalotaka kuonyesha ni hili: huku kwetu shule huzaliwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa mikono ya watu, wenye wanabeba mawe na kuchoma matofali. Mara ya pili kwa karatasi, siku leta inapoitambua na kulipa walimu wake. Katikati ya kuzaliwa kule mara mbili kuna miaka ya kungoja, na kungoja huko kuna mtu anayekulipia.

Kanisa mbele, leta nyuma

Shule za kwanza za upande huu wa ziwa zilikuwa za watoto waliopoteza makwao. Mwaka 1883 mapadri wa Afrika, wale tunaowaita Pères Blancs, walifungua misioni ya Kibanga, upande wa Fizi ya leo. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa bado inapita hapa kuelekea Ujiji, na mapadri walikomboa watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara, wakawakusanya misioni na kuwafundisha. Mwaka 1893 waliiacha Kibanga wakahamia kusini, upande wa Moba. Hivi ile shule ya mwanzo kabisa ilikuwa shule ya wakimbizi, na yenyewe ikahama.

Serikali ya Leopold II, na baadaye ya Wabeljiji, haikutaka kubeba mzigo wa shule. Mwaka 1906 ilifanya mapatano na Vatikani: misioni za Katoliki zipewe ardhi, nazo zifundishe. Toka miaka ya 1920 serikali ikaanza kutoa msaada wa pesa, lakini kwa zile misioni ilizoziita za kitaifa, maana yake hasa za Katoliki za Kibeljiji. Wengine walijitegemea. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Swideni walifika Uvira mwaka 1921, na kutoka kazi yao limetokea kanisa ambalo leo tunaliita CEPAC. Mpaka mwaka 1948, wakati msaada ulipofunguliwa pia kwa Waprotestanti, shule zao ziliishi kwa sadaka za Swideni na kwa kazi ya wakristo wenyeji.

Ni mwaka 1954 tu, chini ya waziri Auguste Buisseret, ndipo Wabeljiji walianza kufungua shule za serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika. Miaka 6 baadaye, tarehe 30 Juni 1960, uhuru ulifika. Basi tukumbuke: siku ya uhuru, shule ya leta yenyewe ilikuwa bado mtoto mdogo. Zile kubwa, zenye kuta na vitabu, zilikuwa za misioni.

Vita, kisha mkataba

Uhuru haukupata muda wa kukaa. Mei 1964 waasi wa Gaston Soumialot waliingia Uvira. Shule zilifungwa, watu wakakimbilia milimani na ng'ambo ya ziwa. Tarehe 28 Novemba mwaka ule, mapadri na bruda wa shirika la Xaverian waliuawa Baraka na Fizi, pamoja na padri Albert Joubert. Wanne hao walitangazwa wenye heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024, na wengi wetu tulikuwa tumesimama kwenye jua siku ile. Wazee wanasema kwamba huko Fizi vita haikuisha pale ilipoisha kwenye redio. Watoto wengi walikua bila kukaa kalasi hata siku moja.

Mwaka 1967 Mtihani wa Leta ulianzishwa, mmoja kwa nchi nzima. Hapo ndipo karatasi ilianza kuwa na nguvu kuliko jengo. Mtoto wa Mboko na mtoto wa Kinshasa wanafanya mtihani mmoja, na diploma ni moja.

Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alizichukua shule zote, za kanisa na za watu binafsi, zikawa za leta. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 leta ilitia sahihi mkataba na makanisa: Katoliki, Protestanti na Kimbangu. Makanisa yalirudishiwa usimamizi, lakini leta ilibaki na programu, inspeksheni, mtihani na mishahara. Mkataba ule ndio unaeleza kibao unachokiona leo mlangoni mwa shule. Shule ya CEPAC au ya dayosezi ya Uvira ni shule ya leta kabisa, sawa na ile isiyo ya kanisa. Tofauti ni nani anaisimamia. Kwa hiyo mfadhili anayesema "mimi sisaidii shule za dini, nasaidia za leta" ajue kwamba huku, akitoa zile za makanisa, atabakiwa na chache.

Siku leta iliacha kulipa

Mkataba ulikuwa mzuri kwenye karatasi, lakini ulisimama juu ya mshahara, na mshahara ulianguka. Katika miaka ya 80 bajeti ya elimu ilikatwa, na mwanzoni mwa miaka ya 90 pesa ya Zaire ilipoteza thamani mpaka mshahara wa mwezi haukutosha kununua chakula cha siku chache. Walimu waligoma. Ili shule zisife, makanisa na wazazi walikubaliana kwamba wazazi waongeze kitu kidogo kwa mwalimu. Kitu kile kidogo kiliitwa prime.

Prime ilisemwa ni ya muda. Ilikaa karibu miaka 30. Juu yake zikapanda pesa nyingine: za ofisi ya shule, za ofisi ya kanisa, za inspekta, za sudivizio. Kila ngazi ilikula kwenye mkono wa mzazi. Mtoto ambaye hajalipa alifukuzwa asubuhi, na mara nyingi aliyebaki nyumbani kwanza alikuwa binti.

Hapo ndipo jibu la mzazi wa tatu lilizaliwa. Shule ya leta, inayosimamiwa na kanisa, inayolipwa na muuza dagaa wa Kalundu.

Programu iliyovuka ziwa

Oktoba 1996 vita ya AFDL ilifika Uvira. Watu walipanda mitumbwi na boti kuelekea Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule, na Lugufu baada yake. Agosti 1998 vita ya pili ikaanza, na boti hazikusimama.

Kambini kulifanyika jambo ambalo hatulisifu vya kutosha. Watoto hawakufundishwa programu ya Tanzania. Walifundishwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, katikati ya nchi ambayo inafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Hiyo ilikuwa pia siasa ya Tanzania, iliyotaka wakimbizi wajitayarishe kurudi. Lakini waliosimama mbele ya ubao walikuwa walimu wetu, wakimbizi kama wengine, wakipokea posho ndogo tu kwa sababu hawakuruhusiwa kuajiriwa. Mtihani wa Leta ulifanyika kambini. Kwa sababu hiyo kijana wa Makobola aliyemaliza Nyarugusu anaweza leo kuingia chuo Bukavu na diploma yake.

Safari za kurudi kwa msaada wa UNHCR zilianza Oktoba 2005, boti zikishusha watu Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Waliorudi walikuta vijiji vya Swima, Mboko na Nundu vina watoto wengi kuliko nafasi, na shule nyingine hazina paa. Wakafanya kama wazee wao: walichoma matofali. Mashirika yalileta mabati. Kando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, na vilevile huko bondeni Ruzizi, Kiliba, Sange na Luvungi, shule mpya ziliota haraka.

Zilizaliwa mara ya kwanza. Nyingi zilingoja ile mara ya pili.

Karatasi zinavyotembea

Tuieleze safari hiyo polepole, juu wafadhili wengi hawaijui. Shule ikishaanza, wasimamizi wanatengeneza dosie. Inspekta anakuja kuona kama ina vyumba, vyoo, walimu wenye diploma na wanafunzi wa kutosha. Dosie inapanda kutoka sudivizio hadi provinsi, halafu Kinshasa, na waziri anatia sahihi arete inayoitambua shule. Lakini kutambuliwa si kulipwa. Shule inapaswa tena kuingizwa kwenye bajeti na kupata namba ya SECOPE, ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE. Kisha kila mwalimu apate matrikule na amekanizwe, maana yake jina lake liingie kwenye mashine ya mishahara. Mpaka hapo anaitwa NU, mwalimu mpya, hata kama amefundisha mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya leta ni lazima na ni bure. Sheria ya elimu ya 2014 ikarudia. Septemba 2019 serikali ya Félix Tshisekedi ilianza kulitekeleza kwa nchi nzima, na mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 800 za kuunga mkono. Kwa mzazi wa Uvira ilikuwa furaha ya kweli. Watoto waliokuwa wakiuza maji na karanga waliingia kalasi, na kalasi zilijaa mpaka wengine wakaketi chini.

Lakini fikiri juu ya mwalimu NU. Zamani alikula kutokana na prime. Prime ikakatazwa, na mshahara wake haujafika. Ni yeye sasa anayelipia bure ya watoto wetu. Na yuko wapi zaidi? Kwenye shule changa, maana yake zile za vijiji vya waliorudi. Shule ya zamani ya misioni mjini ina walimu waliomekanizwa tangu siku nyingi. Shule iliyojengwa na waliotoka Lugufu inangoja foleni. Hivyo sera moja, nzuri, ilitua kwa uzito tofauti juu ya watu wawili. Kwa sekondari, wazazi wanaendelea kulipa kama zamani.

Chama chetu kifanye nini?

Wako wanachama wanaosema: tukilipa walimu NU, leta italala usingizi. Hofu hiyo ina haki. Prime ilianza hivyohivyo, kama huruma ya muda, na leta ikalala miaka 30. Wengine wanasema: tusipowasaidia, mwalimu ataacha chaki ashike uvuvi au teksi, na watoto watabaki na jengo. Nao wana haki.

Mimi nasoma historia hii hivi. Msaada unaoua ni ule usio na mwisho na usio na dosie. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu.

Kwanza, tusikubali tena ombi la mabati na matofali bila kuuliza dosie imefika wapi. Kila mradi wa jengo utenge sehemu ya pesa kwa nakala, picha, safari ya msimamizi mpaka ofisi ya provinsi, na ufuatiliaji Kinshasa. Ni pesa isiyopendeza kwenye picha za wafadhili, lakini ndiyo inayoleta mshahara.

Pili, walimu NU wa shule tunazozisaidia wapewe posho yenye tarehe ya mwisho, iliyofungwa na hatua za dosie, na ofisi ya sudivizio ipewe barua kila hatua ili ijue tunahesabu.

Tatu, tulinde karatasi. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, na ziwa nalo limekuwa likipanda. Rejista ikilowa, mwalimu hawezi kuonyesha alianza kazi lini, na mtoto hawezi kuonyesha alifika kalasi gani. Bileti za shule, vyeti vya kambi na orodha za walimu vipigwe picha na kuwekwa mahali pawili.

Wazee wetu walijenga bila kungoja mtu, na sisi tuliorudi tulifanya vilevile. Kazi ya kwanza tunaijua vizuri. Hiyo ya pili, ya kusukuma karatasi mpaka mwalimu apokee mshahara wake wa kwanza, ndiyo bado tunapaswa kujifunza, na naomba tuianze na dosie zilizoko mezani sasa.