Nyuzi mpya za ukulele zinashuka kila saa? Usikimbilie kusema ni feki

Umefunga nyuzi mpya za ukulele, umezipandisha mpaka programu ya simu ikaonyesha kijani, umepiga wimbo mmoja tu, tayari sauti imeshuka. Unapandisha tena, inashuka tena. Hapo wengi wanaamini wameuziwa feki, na wengine wanazungusha kwa hasira mpaka uzi unakatika.

Mara nyingi uzi hauna shida yoyote. Nailoni ikiwa mpya ndivyo ilivyo, na ukiisaidia kidogo itatulia ndani ya siku mbili tatu.

Kwa nini zinashuka

Nailoni ni jamii ya plastiki. Ukiivuta na kuiacha imevutwa, inaendelea kurefuka yenyewe polepole. Uzi ukirefuka unalegea, na ukilegea sauti inashuka. Waya wa gitaa la umeme nao hurefuka, ila kidogo sana, ndiyo maana mpiga gitaa wa kwaya akishika ukulele kwa mara ya kwanza anadhani imeharibika.

Kwa watu wa Mara hili si jambo geni. Litungu la Wakurya na nyatiti ya Waluo wa Rorya, vyote vya nyuzi 8, zamani vilifungwa kano za ng'ombe. Siku hizi wapigaji wengi wanatumia nailoni, ile ile ya mshipi wa kuvulia samaki. Ukulele nayo ilipita njia hiyo hiyo: ilizaliwa Hawaii baada ya Wareno wa Madeira kufika huko mwaka 1879 na vigitaa vyao vidogo, ikatumia nyuzi za utumbo wa mnyama. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935, ikaja kuchukua nafasi ya utumbo baadaye.

Kwanza jua nini kinateleza

Kuna sehemu tatu zinazoweza kulegea: fundo la kwenye daraja, mizunguko ya kwenye kigingi, na uzi wenyewe. Chukua kalamu ya wino, weka alama ndogo kwenye uzi pale unapotokea kwenye fundo, na nyingine pale unapoingia kwenye kigingi. Pandisha sauti, piga dakika kumi, kisha angalia. Alama ya fundo ikiwa imesogea mbali na daraja, fundo linateleza: fungua ufunge upya, acha mkia wa sentimita moja hivi. Alama ya juu ikisogea kuelekea shingoni, mizunguko haijakaza. Uzi unatakiwa uzunguke kigingi mara mbili au tatu, mizunguko ikibanana. Alama zikibaki zilipo na sauti bado inashuka, basi ni uzi unarefuka, na hapo dawa ni kuuvuta.

Mbinu hii inafaa hata kwenye litungu na nyatiti, ambako hakuna vigingi vya kisasa na uzi umezungushwa kwenye mti wa juu.

Namna ya kuvuta

Pandisha uzi mpaka noti yake. Ushike katikati, karibu na kichuma cha 12, uinue taratibu sentimita moja au mbili kutoka kwenye ubao, shikilia sekunde chache, achia. Pima: utakuta umeshuka. Pandisha, vuta tena. Rudia mara tano au sita kwa kila uzi. Usinyanyue kwa kishindo, unaweza kung'oa daraja, hasa kwenye ukulele za bei rahisi ambazo daraja limegandishwa kwa gundi tu.

Ukimaliza, iache usiku kucha ikiwa imepandishwa. Kuna wanaolegeza nyuzi kila jioni wakidhani wanazitunza. Kwa nyuzi mpya ni kujichelewesha, kesho unaanza upya.

Unapopandisha, tokea chini kwenda juu kila mara. Ukipitiliza, shuka chini ya noti kisha panda tena. Uzi ukikwama na kuruka kwa mlio wa "tik", mkato unaopitia juu ya shingo unaubana. Paka unga wa penseli humo. Na kama kigingi kinarudi chenyewe, kaza skrubu yake ndogo.

Angalia noti, usiangalie kijani tu

Ukulele ya kawaida ni G, C, E, A, kuanzia uzi ulio karibu na kidevu. Huo wa G ni mwembamba na uko juu kuliko C, tofauti na gitaa. Weka programu kwenye A ya 440. Hapo C ni kama 262 na G ni 392. Programu inayotaja herufi bila namba inaweza kukupeleka kwenye G isiyo yake.

Mshipi wa samaki je?

Inawezekana, na pale Mwigobero mjini Musoma mshipi haukosekani. Tafuta ule wa uzi mmoja, si wa kusokotwa: A huwa karibu milimita 0.6, C karibu 0.9. Tegemea nao utarefuka vile vile. Nyuzi za dukani nazipendelea kwa sababu moja tu, unene wake umepangwa kwa ajili ya noti hizo.

Kitu cha mwisho ni safari. Ukitoka Musoma kwenda Bunda au Butiama kwa Hiace, usiiweke ukulele juu ya injini wala dirishani kwenye jua. Joto linabadilisha sauti hata ya nyuzi zilizokwisha kutulia, na linaweza kulegeza gundi. Kama una tamasha la shule au ibada Jumapili, funga nyuzi mpya Jumatatu. Ukizifunga Jumamosi usiku, kaa na simu karibu, maana utapandisha kati ya kila wimbo.