Mhubiri Njiani mwa Mahujaji: Funzo kutoka India

Kila mwaka, siku chache kabla ya tarehe 3 Juni, barabara zinazoelekea Namugongo, nje kidogo ya Kampala, hujaa watu wanaotembea kwa miguu. Wengine hutoka mbali sana na hutembea kwa majuma. Nikiwa mtoto nilimsindikiza bibi yangu katika hija hiyo. Njiani tulikutana na mtu aliyekuwa akigawa vijitabu. Alimwambia bibi kwamba anaichosha miguu yake bure, kwa kuwa watakatifu hawasikii. Bibi hakumjibu. Alikaza kitambaa chake kichwani, akaendelea na safari. Mimi nilikasirika hadi nikatamani polisi waje wamwondoe.

Hasira ile nilikutana nayo tena chuoni, niliposoma historia ya India, jirani yetu wa ng'ambo ya bahari. Mwaka 2007 jimbo la Andhra Pradesh, kusini mwa nchi hiyo, lilitunga sheria inayokataza kueneza dini nyingine katika maeneo ya ibada yaliyotangazwa na serikali. Eneo lililojulikana zaidi kati ya hayo ni Tirumala, mlima wenye hekalu la Venkateswara, ambako makumi ya maelfu ya mahujaji wa Kihindu hufika kila siku. Anayevunja sheria hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 3 na kutozwa faini ya hadi rupia 5,000. Siku ile njiani, sheria ya namna hiyo ingenifurahisha sana.

Je, ni sheria ya haki? Katika insha hii nitaeleza kwamba historia inatupa sababu ya kweli ya kulinda mahali pa ibada, lakini haitupi sababu ya kumzuia mtu asisikie neno jipya au asibadili dini. Mambo haya mawili huchanganywa kwa urahisi.

Tuanze na wakati wa ukoloni. Wengi hudhani kwamba Waingereza na wamisionari waliingia India wameshikana mikono. Haikuwa hivyo. Kampuni ya India Mashariki ilitafuta faida, na iliogopa kwamba mahubiri yangewachokoza wenyeji na kuharibu biashara. William Carey, mmisionari wa Kibaptisti aliyefika mwaka 1793, alihamia Serampore mwaka 1800 kwa sababu mji huo ulikuwa chini ya Denmark. Mwaka 1806 askari wa Kihindi waliasi huko Vellore. Walikuwa wameamriwa kuvaa kofia ya aina mpya na kuacha alama za dini katika paji la uso, na uvumi ulienea kwamba watafanywa Wakristo kwa nguvu. Ni mwaka 1813 tu ambapo Bunge la Uingereza liliilazimisha Kampuni kuwafungulia wamisionari mlango.

Baada ya hapo tunaona kisa cha Puri, mji wa hekalu la Jagannath katika jimbo la Orissa. Kampuni iliuteka mji huo mwaka 1803, na kwa miaka mingi ilitoza kodi kwa mahujaji. Kuanzia mwaka 1822 wamisionari wa Kibaptisti walifika Orissa, wakawa wanahubiri na kugawa vijitabu katikati ya umati wa sikukuu ya magari ya miungu. Hebu tujiweke katika nafasi ya mhujaji maskini. Amelipa kodi kwa serikali ya wageni ili aingie kusali, kisha mgeni mwingine wa rangi ileile anamwambia kwamba mungu wake ni gogo la mti. Hata kama wawili hao hawakupatana, yeye angewatofautishaje?

Na kweli hawakupatana. Wamisionari ndio waliopiga kelele hadi Uingereza kwamba ni aibu kwa serikali ya Kikristo kusimamia mahekalu na kula fedha zake. Kodi ya mahujaji ikafutwa mwaka 1840. Mwaka 1843 Kampuni ikaachia hata usimamizi wa hekalu la Tirumala, ukaenda kwa mahant, yaani mkuu wa nyumba ya watawa wa Kihindu. Watu waliotaka kuyamaliza mahekalu ndio waliosaidia kuyatoa mikononi mwa watawala wageni.

Jambo jingine ambalo watetezi wa sheria hizi hulisahau ni kwamba mahali pa hija India hapajawahi kuwa pa kimya. Wabuddha wanaamini kwamba Buddha alitoa hotuba yake ya kwanza Sarnath, karibu na mji mtakatifu wa Varanasi. Mwaka 1867, katika mkusanyiko mkubwa wa Kumbh huko Haridwar, Dayananda Saraswati alisimama akakemea ibada ya sanamu mbele ya mahujaji. Yeye alikuwa Mhindu. Kwa hiyo kilichowaumiza watu Puri hakikuwa mabishano ya dini peke yake. Kiliwaumiza kwa sababu nyuma ya mhubiri waliona bunduki na mtoza kodi.

India ilipopata uhuru, swali hilo lilifika katika Bunge la Katiba. Mwaka 1948 wajumbe walibishana juu ya neno moja: kueneza. Baadhi walitaka liondolewe. Mwishowe lilibaki, na Ibara ya 25 ya Katiba ya mwaka 1950 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na haki ya kukiri, kufuata na kueneza dini, mradi asivunje amani, maadili na afya ya jamii. Baadaye Orissa mwaka 1967 na Madhya Pradesh mwaka 1968 zilitunga sheria dhidi ya kubadili watu dini kwa nguvu, ulaghai au vishawishi. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilizikubali, ikasema kwamba haki ya kueneza dini si haki ya kumbadili mtu mwingine dini.

Sheria ya Andhra Pradesh ilizaliwa katika mazingira hayo, pamoja na siasa zake. Waziri kiongozi wa jimbo, Y. S. Rajasekhara Reddy, alikuwa Mkristo, na wapinzani wake walimshutumu kwamba hailindi Tirumala. Maneno ya sheria yangeweza kulinda msikiti au kanisa pia, lakini maeneo ambayo serikali iliyatangaza yalikuwa ya Kihindu tu. Hapo ndipo ninapoona kasoro ya kwanza. Ngao inayomkinga mmoja na kumwacha jirani yake inageuka kuwa upendeleo. Kasoro ya pili ni mpaka. Kwenye lango la hekalu, sawa: mtu aliyekuja kusali aachwe asali. Lakini chini ya mlima upo mji wa Tirupati, wenye wakazi wa dini mbalimbali. Kama mpaka utaendelea kusogezwa, muuza duka atakayejibu swali la mteja kuhusu imani yake naye atakuwa mhalifu.

Hata sisi Uganda tuna kipande cha historia hii. Hadi mwaka 1930 Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ilitumika hapa, na sheria iliyoirithi ilibakiza kosa la kuumiza hisia za dini kwa makusudi. Naona njia hiyo ina hekima zaidi, ikitumiwa kwa uangalifu, kwa sababu inatazama kitendo na nia ya mtu, bila kuuliza dini yake.

Nilipomweleza bibi haya, nilimuuliza kama anamkumbuka yule mtu wa vijitabu. Hakumkumbuka. Ila alinikumbusha kwamba baba yake mwenyewe aliacha dini ya ukoo akabatizwa akiwa kijana, na ndugu zake hawakumsemesha kwa miaka. Mashahidi tunaowaendea Namugongo, waliouawa wakati wa Kabaka Mwanga, nao walikuwa vijana waliosikia neno geni wakalipokea. Kabla yao, Waislamu waliuawa hapo wakati wa Mutesa I kwa sababu ya imani yao. Kama kuta za Kabaka zingefaulu kuzuia kila mhubiri, bibi alisema, mimi na wewe tungekuwa tunatembea kwenda wapi?

Bado naamini yule mtu alikosea kumsumbua mwanamke mzee akiwa safarini kusali. Lakini sitamani tena polisi wamkamate.